Richard Trevithick: mhandisi aliyepeleka mvuke Peru, akarudi bila nauli

Wazee waliokua karibu na reli, kuanzia Kilindini hadi Mazeras na Mariakani, wanaujua mlio wa gari la moshi la zamani. Likiondoka stesheni lilikuwa likitoa pumzi nzito za polepole, kisha zikaongezeka kasi kadiri lilivyoshika mwendo. Pumzi zile ni mvuke uliokwisha kuusukuma mtambo ukitolewa nje kupitia dohani, na kila ukitoka huvuta hewa na kuuchochea moto. Magari ya aina hiyo yalifika Mombasa ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896. Mtu wa kwanza kuliendesha gari la namna hiyo juu ya reli alikuwa Richard Trevithick wa Cornwall, Uingereza, zaidi ya miaka 90 kabla ya hapo.

Watu wengi hulitaja jina la George Stephenson kwanza. Sababu mojawapo ni kwamba Trevithick hakuwa mtu wa reli hasa. Alikuwa mtu wa migodi, na miaka 11 ya utu uzima wake, kuanzia Oktoba 1816 hadi Oktoba 1827, aliimaliza Peru, Kosta Rika na Kolombia akitafuta fedha, shaba na dhahabu. Wakati reli zinakuwa biashara kubwa kwao, yeye hakuwapo. Makala haya yanaeleza kazi yake, hasa hiyo ya ugenini, na jinsi mtu aliyewafaidi wengi kwa akili yake alivyorejea akiwa na nguo za mwilini na vitu vichache vya mfukoni.

Mtoto wa migodini

Trevithick alizaliwa tarehe 13 Aprili 1771 katika parokia ya Illogan, kati ya miji ya Camborne na Redruth, upande wa kusini magharibi kabisa wa Uingereza. Baba yake alikuwa msimamizi wa migodi. Masomo ya darasani hayakumvutia, lakini hesabu aliziweza kwa njia zake mwenyewe. Alikuwa mrefu wa kupita wenziwe na mwenye nguvu nyingi, hata akaitwa jitu la Cornwall.

Cornwall ilikuwa nchi ya bati na shaba. Kadiri wachimbaji walivyoteremka chini, ndivyo maji yalivyowajia, na mgodi uliojaa maji ni mgodi uliokufa. Pampu zilihitaji injini za mvuke, na injini zilihitaji makaa ya mawe. Cornwall haina makaa ya mawe, hivyo yaliletwa kwa vyombo vya baharini kutoka Wales, kwa gharama kubwa. Katika hali hiyo, injini iliyokula makaa kidogo ndiyo iliyoamua kama mgodi utaishi au utafungwa.

Injini bora za wakati huo zilikuwa za kampuni ya Boulton na Watt. Wenye migodi walizitumia kwa kulipa theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa, na malipo hayo yalilindwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hadi mwaka 1800. James Watt akapata mali yake kwa kuweka hesabu hiyo na kuidai mwezi baada ya mwezi. Vijana wa Cornwall, Trevithick akiwemo, walikua wakisikia manung'uniko ya wenye migodi juu ya malipo hayo.

Mvuke wenye nguvu

Ili kuelewa kwa nini Peru ilimhitaji Trevithick na si mwingine, yafaa kuelewa tofauti ya injini yake na ile ya Watt.

Katika injini ya Watt, mvuke uliingia ndani ya silinda, kisha ukapozwa ukawa maji. Ukipoa, nafasi yake hubaki tupu, na uzito wa hewa au mvuke hafifu wa upande wa pili huisukuma pistoni kuelekea kwenye utupu ule. Nguvu hiyo ni ndogo kwa kila inchi, kwa hiyo silinda ilibidi iwe kubwa sana, pamoja na jengo la mawe la kuibeba.

Trevithick alifanya kinyume. Aliuchemsha mvuke ndani ya boila imara ya chuma hadi ukawa na shinikizo kubwa, akauacha uisukume pistoni wenyewe, kisha akautoa nje hewani. Silinda ikawa ndogo, chombo cha kupozea kikaondoka, na mashine nzima ikaweza kubebwa. Watt aliiogopa njia hiyo kwa sababu ya hatari ya boila kupasuka, na hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka 1803 boila moja ya Trevithick ilipasuka huko Greenwich na kuua watu wanne. Baada ya hapo aliongeza vali ya pili ya usalama na kizibo cha risasi kilichoyeyuka maji yakipungua, ili mvuke utoke kabla ya madhara.

Mkesha wa Krismasi wa 1801 aliendesha gari la mvuke barabarani mjini Camborne. Mwaka 1802 yeye na binamu yake, Andrew Vivian, walipata hataza ya injini hiyo. Tarehe 21 Februari 1804, katika kiwanda cha chuma cha Penydarren huko Wales, gari lake lilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 juu ya reli, umbali wa karibu kilomita 16, kwa muda wa saa nne na dakika tano. Gari lilifaulu, reli zikashindwa: zilikuwa za chuma cha kusubu, zikavunjika kwa uzito. Mwaka 1808 alijenga reli ya duara mjini London, watu wakalipa kiingilio wapande. Hiyo nayo haikudumu.

Kazi zilimjia nyingi na hakuna iliyokwisha vizuri kifedha. Mwaka 1807 alianza kuchimba njia chini ya mto Thames, na mapema mwaka uliofuata maji yakaingia akaacha. Mwaka 1810 homa kali ya taifasi ilikaribia kumuua. Mwaka 1811 alitangazwa kuwa amefilisika. Hapo ndipo habari za Peru zilipomfikia.

Mgodi ulio juu ya mawingu

Cerro de Pasco ni mji wa milimani katika safu ya Andes, zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Fedha ilichimbwa huko tangu karne ya 17, na katika utawala wa Uhispania ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha vya Peru. Waliochimba walikuwa wenyeji wa asili wa milimani, wasemaji wa Kiquechua. Walipanda na kushuka mashimoni wakibeba mawe ya madini mgongoni, na juu mawe hayo yalisagwa na kuchanganywa na zebaki ili fedha ijitenge. Mwanzoni mwa karne ya 19 mashimo yalikuwa yamefikia maji, na njia za zamani za kuyatoa hazikutosha.

Mfanyabiashara wa Lima, Francisco Uville, alisafiri hadi Uingereza mwaka 1811 kutafuta injini. Jibu alilopata kuhusu injini za Watt lilikuwa la kukatisha tamaa, na kwa sababu mbili za kweli. Kwanza, vipande vyake vilikuwa vizito mno kubebwa milimani. Pili, injini iliyotegemea uzito wa hewa ingedhoofika mahali penye hewa nyepesi, na kwenye kimo cha Cerro de Pasco uzito wa hewa ni kama asilimia 60 tu ya ule wa pwani.

Kabla hajaondoka London, Uville aliona dukani mfano mdogo wa injini ya Trevithick. Aliununua kwa gini 20, akaenda nao hadi Peru, akauwasha juu mlimani. Ukafanya kazi. Mvuke uliojisukuma wenyewe haukujali wepesi wa hewa. Uville akaunda kampuni na wafanyabiashara wawili wa Lima, Pedro Abadía na José Arismendi, wakakubaliana na wenye migodi, akarudi Uingereza. Ndani ya meli alikutana na abiria aliyekuwa jamaa yake Trevithick, ambaye alimwelekeza kwa mhandisi mwenyewe.

Trevithick aliichukua kazi kwa moyo wote. Alitengenezesha injini tisa: nyingine za kupiga maji, nyingine za kuvuta mizigo kutoka mashimoni, na moja ya kutengenezea sarafu. Boila hazikusafirishwa zikiwa nzima. Zilikatwa vibamba vya kubebeka na baghala, yaani nyumbu wa mizigo, ziungwe kwa ribiti huko huko milimani. Badala ya kulipwa taslimu yote, Trevithick alichukua hisa katika kampuni. Injini ziliondoka Uingereza Septemba 1814 pamoja na Uville na mafundi watatu wa Cornwall, zikazunguka ncha ya kusini ya Marekani ya Kusini hadi bandari ya Callao.

Kutoka Callao hadi Cerro de Pasco ni mwendo wa siku chache kwa msafiri mwepesi. Kwa mashine, kazi ilichukua muda mrefu. Njia zilikuwa vichochoro vya mlimani, na kila kipande kilipandishwa kutoka usawa wa bahari hadi mahali ambapo mgeni hukosa pumzi akitembea tu. Katikati ya mwaka 1816 injini ya kwanza iliwashwa katika mgodi wa Santa Rosa, maji yakaanza kushuka.

Mapokezi ya kifalme

Hata hivyo mafundi watatu hawakutosha kwa injini tisa, na matatizo yalikuwa mengi. Tarehe 20 Oktoba 1816 Trevithick mwenyewe alipanda meli ya wavuvi wa nyangumi kutoka Penzance. Alikuwa na umri wa miaka 45. Nyuma yake alimwacha mkewe Jane na watoto sita.

Alifika Lima Februari 1817, akapokewa kama mtu wa cheo. Gazeti la serikali lilitangaza kuwasili kwake, wakubwa wakamkaribisha, na kulizungumzwa habari ya kumtengenezea sanamu ya fedha tupu. Sanamu hiyo haikutengenezwa.

Kazi milimani iliendelea, lakini wakubwa wa kampuni hawakupatana. Uville na Trevithick waligombana juu ya nani mwenye amri, na Trevithick akaondoka Cerro de Pasco. Alizunguka sehemu mbalimbali za Peru akikagua migodi na kuwashauri wenyewe, akapata na sehemu yake ya kuchimba madini ya shaba na fedha katika milima ya Cajatambo. Uville alipofariki mwaka 1818, Trevithick aliitwa kurudi kusimamia mitambo. Kwa muda mfupi ilionekana kama taabu zake zingelipwa.

Vita vyaingia mgodini

Peru haikuwa nchi yenye amani. Marekani ya Kusini ilikuwa ikijikomboa kutoka kwa Uhispania, na mwezi Septemba 1820 jeshi la José de San Martín lilitua pwani ya Peru. Tarehe 6 Desemba mwaka huo vita vilipiganwa Cerro de Pasco penyewe. Uhuru ulitangazwa Lima tarehe 28 Julai 1821, lakini mapigano yaliendelea hadi mwisho wa 1824, na majeshi ya pande zote mbili yalipita mara kwa mara katika nyanda zile.

Mgodi wa fedha katika vita ni hazina, na kila upande hautaki adui aipate. Mitambo iliharibiwa, na inasimuliwa kwamba vipande vingine vilitupwa ndani ya mashimo. Wachimbaji walitawanyika, wengine wakachukuliwa jeshini. Trevithick naye, kwa masimulizi ya jamaa zake, alitiwa jeshini kwa muda na akabuni bunduki fupi ya askari wa farasi. Madini aliyokwisha kuyachimba Cajatambo aliyaacha pale pale.

Hisa zake sasa zilikuwa karatasi za kampuni isiyokuwa na mashine wala mapato. Watu wa mwambao husema mali bila daftari huisha bila habari. Trevithick alikuwa ameweka jasho lake lote mahali pasipokuwa na mahakama ya kumsikiliza wala benki ya kumwekea. Hakuwa na mshahara wa mwezi, na hakuwa na mtu kwao wa kumdaia haki zake.

Bado mikono yake ilikuwa na thamani. Meli ya kivita ya Chile, iliyoitwa San Martín, ilizama karibu na Chorrillos, kusini mwa Lima, mwaka 1821. Trevithick alichukua kazi ya kuopoa mizinga na mali iliyokuwa ndani, akapata fedha nyingi. Rafiki zake walimsihi azitume nyumbani kwa mkewe. Yeye akazitia katika mpango wa kupiga mbizi kutafuta lulu upande wa Panama, zikapotea zote.

Kosta Rika na njia ya mtoni

Baadaye Trevithick alielekea kaskazini hadi Kosta Rika, ambako dhahabu na fedha zilikuwa zimegunduliwa katika milima ya Aguacate. Huko alishirikiana na Mwingereza mwenziwe, James Gerard. Waliamini migodi ile ingekuwa na utajiri mkubwa kama wangepata mitambo na mtaji kutoka London. Tatizo lilikuwa njia. Migodi ilikuwa upande wa Bahari ya Pasifiki, na mzigo wa Ulaya ungelazimika kuzunguka bara zima kuifikia.

Wakaamua kutafuta njia ya kuteremka upande wa pili, hadi Bahari ya Karibi. Walipita msituni, kwenye mvua, wakifuata mito kwa miguu na kwa mitumbwi waliyoiunda wenyewe hadi mto San Juan. Mmoja wa watu wao alikufa maji, na Trevithick mwenyewe aliponea chupuchupu. Katika safari hiyo walikuwa na vijana wawili wa ukoo wa Montealegre waliokuwa wakipelekwa Uingereza kusoma. Mmoja wao, José María Montealegre, alisomea udaktari na baadaye akawa rais wa Kosta Rika, kuanzia 1859 hadi 1863.

Mwaka 1827 Trevithick alifika Cartagena, bandari ya Kolombia, akiwa hoi. Karibu na hapo alikuwa amekaribia tena kuzama na kuliwa na mamba, akaokolewa na afisa Mwingereza aliyekuwa karibu. Hakuwa na fedha ya nauli.

Katika nyumba ya wageni mjini humo alikuwepo kijana wa miaka 23 akingoja meli ya kwenda kwao. Huyo alikuwa Robert Stephenson, mwana wa George Stephenson. Yeye pia alikuwa mhandisi wa migodi ugenini. Mwaka 1824 alikuwa ameajiriwa na kampuni ya London kusimamia migodi ya fedha karibu na Mariquita, ndani ya Kolombia, kwa mkataba wa miaka mitatu. Migodi ile haikuleta faida iliyotarajiwa, lakini hasara ilikuwa ya wenye hisa wa London. Mkataba ulipokwisha, Robert alikuwa anarudi nyumbani na fedha mfukoni. Alimjua Trevithick kwa jina na sifa, maana Trevithick alifahamiana na baba yake. Alimpa pauni 50 za kumrudisha Uingereza.

Wawili hao walifanya kazi ya namna moja, bara moja, miaka inayokaribiana. Mmoja alikwenda kwa mkataba na mshahara, mwingine kwa hisa na matumaini. Miaka miwili baadaye, mwaka 1829, gari la moshi la Robert, lililoitwa Rocket, lilishinda mashindano ya Rainhill na kufungua zama za reli. Lilitoa mvuke wake kupitia dohani ili kuuchochea moto, jambo ambalo Trevithick alilishuhudia kwenye gari lake mwaka 1804.

Walioachwa nyumbani

Habari za wahandisi wa ugenini huandikwa kana kwamba nyumbani hakukuwa na mtu. Jane Trevithick alitoka ukoo wa Harvey, wenye kiwanda cha kusubu chuma katika mji wa Hayle. Mumewe alipoondoka, mwanawe Francis alikuwa na miaka minne. Aliporudi, Francis alikuwa kijana wa miaka 15. Barua zilikuwa haba na fedha hazikuja. Jane alisaidiwa na kaka yake, Henry Harvey, akaendesha nyumba ya wageni ya White Hart mjini Hayle, akawalea watoto kwa kazi ya mikono yake.

Trevithick alitua Cornwall Oktoba 1827. Vitu alivyokuwa navyo vilihesabika: saa ya dhahabu, dira, bikari ya kuchorea na spua za fedha za mpanda farasi. Watu wa migodini walimshangilia, kengele zikapigwa. Cornwall ilikuwa na sababu ya kumshangilia. Mwaka 1812, kabla ya kuondoka, alikuwa amebuni boila ndefu yenye moto ndani yake, iliyokuja kujulikana kama boila ya Cornwall. Pamoja na mvuke wa shinikizo kubwa, boila hiyo ilibadili hesabu za migodi.

Na hesabu zenyewe zilikuwepo. Tangu 1811 wenye migodi wa Cornwall walikuwa wakichapisha kila mwezi taarifa ya kazi ya kila injini: maji iliyoinua kwa kiasi fulani cha makaa. Kufikia miaka ya 1830 injini nzuri zilifanya zaidi ya mara tatu ya kazi ya zile za 1811 kwa makaa yale yale. Kila injini iliandikiwa ilichookoa, lakini hakuna ukurasa ulioandikwa anachodai Trevithick. Boila yake hakuiandikishia hataza, na haki za injini yake ya kwanza alikwisha kuziuza kipande kipande alipokuwa na shida.

Mwaka 1828 alipeleka ombi bungeni alipwe kitu kwa faida aliyoiletea nchi. Bunge halikumpa chochote. Aliendelea kubuni hadi mwisho. Mwaka 1832 alipendekeza mnara wa chuma wa futi 1,000 mjini London, ambao haukujengwa. Siku zake za mwisho alifanya kazi katika kiwanda cha John Hall huko Dartford, akiishi katika nyumba ya wageni. Hapo alifariki tarehe 22 Aprili 1833, akiwa na umri wa miaka 62. Hakuacha fedha ya mazishi. Mafundi wa kiwandani walichanga wakamzika, na kaburi lake halikuwekwa alama.

Kilichobaki

Huko Cerro de Pasco, mashine zake chache zilitengenezwa tena baada ya vita, lakini kampuni yake haikufufuka. Uchimbaji uliendelea kwa mikono ya wengine. Katika karne ya 20 makampuni yalihamia shaba, risasi na zinki, na tangu 1956 shimo kubwa la wazi limekuwa likila mji wenyewe, mtaa baada ya mtaa. Vipimo vya damu ya watoto wa huko vimeonyesha risasi kupita kiasi, na mwaka 2008 bunge la Peru lilipitisha sheria ya kuuhamisha mji. Wengi bado wanaishi ukingoni mwa shimo. Methali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa wazao wa wachimbaji wale wa Kiquechua, wageni wamekuja kwa zaidi ya miaka 300, na kupona hakujafika.

Kwa watu wa Cornwall, safari ya Trevithick ilikuwa mwanzo wa mfululizo. Kuanzia 1824 mafundi wao walikwenda Real del Monte, Mexico, na baadaye Australia, Marekani na Afrika Kusini. Hadi leo katika eneo la Real del Monte huuzwa vitumbua vya unga vilivyojazwa nyama na viazi, walivyovileta wachimbaji hao kutoka kwao. Wengi wa waliofuata hawakwenda kama Trevithick. Walikwenda kwa mikataba, na kwa miaka mingi nyumba nyingi za Cornwall ziliishi kwa fedha zilizotumwa kutoka ng'ambo.

Jane aliishi miaka 35 zaidi ya mumewe, akafariki mwaka 1868. Francis, yule aliyeachwa na miaka minne, akawa mhandisi wa reli, na mwaka 1872 alitoa kitabu cha juzuu mbili juu ya baba yake, akikusanya barua, hesabu na masimulizi ya wazee waliomkumbuka. Mengi yanayojulikana leo juu ya Peru na Kosta Rika yanatokana na kazi hiyo ya mwana. Wana wa Francis nao walitoka nje. Wawili walifanya kazi katika reli za Japani, na mmoja wao, Richard Francis Trevithick, alisimamia utengenezaji wa gari la moshi la kwanza kuundwa nchini humo, mwaka 1893. Walikwenda wakiwa waajiriwa wa serikali ya Japani, kazi yao imeandikwa na mshahara wao umetajwa.